Viti Mia Mbili vya Eno Serwaah

Mtu akifa Kumasi, kwetu Ghana, kwanza hupelekwa mochwari, kisha hutafutiwa Jumamosi ya mazishi. Jumamosi ikishapatikana, watu hukimbilia mtaa wa Ahinsan kutafuta viti, na huko kwa miaka ishirini na sita walimkuta Eno Serwaah. Alikaa kwenye ofisi ya mabati katika yadi ya Badu-Nkansah na Wanawe, wakodishaji wa maturubai na viti, akiamua nani atakaa na nani atasimama. Viti vya plastiki elfu nne na mia sita, maturubai mia na kumi, malori manne, na Jumamosi moja tu kwa wiki. Kompyuta hakuwa nayo. Alikuwa na daftari nene, kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili madereva wasiondoke nayo, simu ya vibonye, na kiti cha mbao ambacho mguu wake wa nyuma wa kushoto ulishikizwa kwa waya.

Mteja alipokuja, Eno alimuuliza maswali matatu. Nani amefariki? Mama yake alikuwa wa ukoo gani? Na katika familia hiyo, nani hazungumzi na nani? Hapo mteja angehema, angetazama mlangoni, halafu angeeleza yote tangu enzi za babu. Eno alisikiliza huku akiguna, na mwisho aliandika namba moja tu kwenye daftari. Sijapata kusikia namba hiyo ikibishaniwa.

Naitwa Oteng, na namwandika mama huyu kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa kazini. Nilipewa alama ya A kwa kufanya hivyo.

Ilikuwa mwaka wa nne wa chuo, na mwaka wa nne haumaliziki bila kupita mikononi mwa Profesa Asubonteng. Somo lake liliitwa Utafiti wa Uendeshaji kwa Vitendo. Halikuwa na mtihani. Kila kundi lilitafutiwa mteja, yaani mtu wa kweli mwenye kazi ya kweli, na wiki kumi na nne baadaye mteja huyo alitakiwa awe amepata nafuu, apende asipende. Tulifundishwa kuigeuza shughuli yoyote kuwa hesabu: hili ndilo lengo, hivi ndivyo vikwazo, itie kwenye kompyuta, ikupe jawabu bora kuliko yote. Mwaka uliotangulia kundi moja liligundua kwamba foleni ya zahanati ingeisha kabisa iwapo wagonjwa wangekuja siku ambazo hawaumwi. Walipata A na ripoti yao ikawekwa kwenye kabati la vioo.

Profesa alikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko shahada zake, nalo ni Fomu ya Kuridhika. Alama haikutolewa mpaka mteja asaini kwamba kazi yake imeboreshwa. Tena asisaini bosi. Asaini yule anayeifanya kazi kwa mikono yake, maana mabosi, alisema Profesa, husaini chochote ili wawahi chakula cha mchana. Kwa miaka kumi na minne hakuna fomu iliyorudi bila saini. Nasi tulijua kuwa bila saini hakuna mahafali, na mama yangu kule Ejisu alikuwa ameshanunua kitambaa cha mahafali na kukionyesha mtaa mzima.

Tulikuwa watatu. Dufie alikuwa kiongozi, msichana mwenye akili kali ambaye angeweza kukupangia ratiba ya kupumua. Selorm, kijana wa Ho, mji wa mashariki, aliandika programu. Mimi nilisafisha takwimu, kazi wanayopewa wasio na kipaji maalumu.

Siku ya kwanza Eno alitutazama tulivyosimama na vibegi vyetu.

"Mmekuja kutatua tatizo gani?"

"Ndilo tumekuja kulitafuta, Eno," Dufie akajibu.

"Ahaa. Dawa mnayo, mgonjwa ndiye hajapatikana." Akatuonyesha viti vya plastiki. "Kaeni wanangu. Si hapo, we kijana. Hicho cha waya kinanijua mimi tu, kitakuangusha."

Tukakaa wiki tatu tukimpima kwa saa ya sekunde. Nakumbuka bwana mmoja wa Kwadaso aliyekuja kukodi viti mia tano kwa ajili ya shangazi yake, Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata. Dakika ya saba walikuwa wameshamaliza ukoo. Kisha Eno akauliza, "Na chakula?"

"Chakula cha nini, Eno? Watu wanakuja kulia."

"Wanalia, wanakula, wanarudi kulia. Mnawapa nini?"

"Maji. Na biskuti."

"Biskuti." Eno akaandika kitu pembeni ya ukurasa. "Huyu shangazi si ndiye aliyemsomesha mdogo wako mpaka akaenda Canada?"

"Ndiye."

"Na huyo wa Canada ametuma biskuti?"

Bwana yule akacheka kwa uchungu, na nusu saa nyingine ikaenda kwa mambo ya Canada. Selorm akasimamisha saa na kuandika: dakika arobaini na moja, kati ya hizo, mazungumzo yasiyohusu kazi, dakika thelathini na tatu. Dufie alifurahi mno. Kila mradi unahitaji upotevu wa kupigia kelele, na sisi wetu ulikuwa umekaa mezani ukicheka na wateja.

Upotevu wa pili tuliukuta nyuma ya ukuta wa choo. Selorm alikuwa anahesabu viti, akaona daftari linasema elfu nne na mia sita ilhali yeye amehesabu elfu nne na mia nane. Vile vya ziada vilikuwa vya bluu, vimefunikwa turubai kuukuu.

"Eno, hivi ni vya nini?"

"Vya wabishi."

"Wabishi gani?"

"Sijui bado. Jumamosi haijafika. Lakini watajitokeza, hawajawahi kuninyima."

Akiba haiozi, wazee walisema, na Eno aliamini hivyo. Dufie aliandika kwenye ripoti kwamba mteja anaweka viti mia mbili bila kazi na hana sababu ya kitakwimu.

Programu ya Selorm ilipokamilika tuliiachia uhuru itupe jawabu bora kuliko yote. Ikafikiri dakika sita, ikajibu kwamba theluthi moja ya wafu wa Kumasi wazikwe Jumanne. Malori yangepungua, viti vingetosha, kila kitu kingenyooka. Dufie akalipeleka jawabu hilo yadini na picha za rangi. Bwana Badu-Nkansah mdogo, aliyerithi biashara kutoka kwa baba yake pamoja na gari, akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayetazama ndege ikipaa. Eno akauliza kutoka mezani kwake.

"Jumanne anazikwa nani?"

"Yeyote, Eno. Programu haichagui."

"Hapa Jumanne huzikwa mtu asiye na ndugu. Ukimwambia mtu baba yake azikwe Jumanne, jiandae kuzikwa Jumatano."

Hilo la Jumanne tukaliingiza kwenye ripoti miongoni mwa mapendekezo ya muda mrefu. Yakabaki manne ya kutekelezwa mara moja. Kwanza, oda ziandikwe kwenye simu kwa visanduku vitano: jina la marehemu, mahali, siku, idadi, mlipaji. Pili, programu igawe viti. Tatu, viti vya bluu viingizwe kazini. La nne Dufie alilitunga usiku kucha ili lisikike vizuri: nafasi ya mgawaji iachiliwe ili rasilimali ielekezwe kwingine.

Eno aliisoma ripoti yote, kurasa hamsini na mbili, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Hii namba nne ndiyo mimi?"

"Si wewe, Eno," Dufie akasema. "Ni nafasi."

"Nafasi ndiyo iliyokaa hapa miaka ishirini na sita ikashikwa na mgongo?"

Nilitazama ule waya kwenye mguu wa kiti na kuanza kuhesabu mizunguko yake.

Kabla ya saini lilibaki jaribio moja, Jumamosi moja nzima iendeshwe na programu peke yake. Na hapa Profesa aliingia mwenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Profesa alikuwa amesifiwa miaka kumi na minne mfululizo. Mjomba wake, Wofa Amponsem, karani mstaafu wa kakao, alikuwa mochwari tangu mwezi wa pili, na mazishi yalipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uwanja wa shule pale Atonsu. Profesa akasema jaribio litafanyika siku hiyohiyo. Akamwalika mkuu wa idara na wahadhiri sita waje wamfariji na papo hapo waone sayansi ikifanya kazi. Badu-Nkansah mdogo akampa Eno likizo ya lazima wikiendi hiyo.

Alhamisi nilikaa na Selorm kusafisha oda. Tukakuta mbili zilizofanana. Marehemu, Amponsem. Mahali, uwanja wa shule Atonsu. Siku, Jumamosi. Ya kwanza imeletwa na Maame Pokuaa, viti mia nne. Ya pili imeletwa na Opanyin Dankwah, viti mia sita.

"Oteng," Selorm akasema, "kwetu Ho mambo ni tofauti, kwa hiyo nakuuliza wewe Mwashanti. Hii ni moja au ni mbili?"

"Ni moja, imerudiwa. Mtu hafi mara mbili."

"Una hakika?"

"Profesa mwenyewe alifundisha: data iliyorudiwa ifutwe, ibaki ya kwanza. Tunamsaidia asilipe mara mbili."

Nikaifuta ya pili. Ilichukua sekunde moja, na Selorm aliandika hata sekunde hiyo. Viti vilivyobaki, pamoja na vile vya bluu, programu ikavipeleka kwenye harusi Santasi. Ghala likawa tupu kabisa. Dufie alilipiga picha kwa ajili ya ukurasa wa mbele.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa Atonsu na kompyuta ndogo mkononi. Upande wa kulia wa uwanja ulipendeza: maturubai manane, viti mia nne, watoto wa marehemu na mama yao, marafiki, kanisa lao. Upande wa kushoto kulikuwa na goli la mpira na mbuzi wawili. Kisha magari yakaanza kuingia na ukoo wa marehemu ukateremka, vitambaa vyeusi na vyekundu, wazee kwa fimbo, wanawake wakiimba. Waliimba mpaka katikati ya uwanja, wakanyamaza.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtoto wa Kiashanti analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mzee akifa anaacha pande mbili. Ukoo wake ni ule wa mama yake, na mrithi wake ni mpwa wake. Watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Kila upande unaomboleza kwa viti vyake, kwa turubai lake, ukitazamana na mwenzake, na kila upande unahesabu wa mwingine. Opanyin Dankwah, yule niliyemfuta Alhamisi, ndiye mkuu wa ukoo wa kina Amponsem, ukoo wa Profesa.

Opanyin akageuka taratibu kuwatazama watoto wa marehemu, kisha akasema kwa sauti ya kupita uwanja mzima, "Kwa hiyo mmeshaanza kututoa. Leo viti, kesho nyumba."

Maame Pokuaa, binti mkubwa, akasimama. "Nani kawazuia kukodi, Opanyin? Hata jeneza tumenunua sisi. Mlikuja na mikono mitupu?"

"Nyumba ile ni ya ukoo."

"Nyumba ile baba aliijenga na mama yangu akibeba mchanga."

Wanaume wakaanza kukaza vitambaa viunoni. Profesa akanijia, jasho likimshuka kutoka kwenye upara.

"Oteng. Mfumo unasema nini?"

Nikatazama kioo. "Unasema kila mtu amekaa, Profesa."

"Amekaa?"

"Asilimia mia."

Mkuu wa idara alikuwa ameegemea gari akijipepea kwa kijitabu cha mazishi, uso wa Wofa Amponsem ukipanda na kushuka mbele ya pua yake.

Eno Serwaah aliingia hapo kwa miguu, kitambaa cheusi, kama mfiwa mwingine yeyote. Alikuwa akimjua marehemu. Alikuwa akiwajua marehemu wote. Alitazama kulia mara moja, kushoto mara moja, na hakuniuliza chochote. Akatoa simu ya vibonye na kumpigia Manu, dereva mkubwa wa malori.

"Manu, uko wapi? Nenda Kwadaso ukalete vile mia tano."

Tulisikia Manu akilalamika kwamba oda ya Kwadaso inaishia saa kumi.

"Wale wanagawa biskuti. Saa sita hakuna mtu pale. Ukimkuta amekaa mmoja, mwache na kiti chake, beba vingine." Akakata simu, akavuka uwanja hadi kwa Maame Pokuaa na kumshika mkono. "Binti yangu, ulipokuja kwangu nilikuuliza nani hazungumzi na nani, ukaniambia ukweli. Sasa na mimi naomba. Niazime mistari miwili kwa wale bibi wa upande wa pili. Wazee hao hawajui mambo ya nyumba, wanajua magoti tu."

Maame Pokuaa alilia kidogo, kisha akawaambia vijana wake wabebe viti wavuke navyo. Bibi wa ukoo wakakaa. Mtu hawezi kupigana vizuri wakati bibi yake amekaa kwenye kiti cha adui, na vitambaa vikaanza kulegezwa viunoni.

Lori la Manu lilifika saa saba na dakika arobaini. Profesa alikuwa amesimama juani kwa muda wa saa tatu na nusu. Kiti alichopata kilikuwa na chembe za biskuti.

Jumatatu alituita ofisini. Nilidhani tunakwenda kufukuzwa. Nilimkuta amefurahi.

"Viti mia tano vimetumika mara mbili kwa siku moja," akasema. "Haijapata kutokea katika historia ya yadi ile. Weka kwenye ripoti, Dufie, ukurasa wa kwanza."

"Lakini Profesa," Selorm akasema, "pale Atonsu..."

"Jawabu lilikuwa sahihi. Msiba ndio uliokuwa na kasoro. Nataka fomu Ijumaa."

Dufie akasema yeye anachapisha ripoti. Selorm akasema anaona haya kumtazama yule mama, na akabaki chumbani. Nikaenda peke yangu. Eno alikuwa mezani. Niliiweka fomu mbele yake, na sikuweza kuketi.

"Nikisaini," akasema, "barua yangu iko tayari kwenye droo ya Badu-Nkansah. Nimemwona akiichapa kwa kidole kimoja, maskini, kazi ya siku mbili. Nisiposaini, wewe inakuwaje?"

"Narudia mwaka, Eno."

"Mama anajua?"

"Ameshashona nguo ya mahafali."

Akaguna. Akaichukua fomu, akaisoma, akaiweka.

"Ile oda ya Opanyin Dankwah, nani aliifuta?"

"Mimi."

"Wewe ni wa wapi?"

"Ejisu."

"Baba yako yuko?"

"Alifariki nikiwa kidato cha pili."

"Siku ya mazishi ulikaa wapi?"

Nikajua anakonipeleka, na hakukuwa na njia nyingine ya kupita. "Upande wa watoto."

"Na ng'ambo ya pili walikaa kina nani?"

"Baba wadogo, mashangazi. Ukoo wake. Walikodi viti vyao."

"Basi ulijua."

"Nilijua, Eno."

Niliona aibu ambayo sijaona tena maishani. Si aibu ya kukosea. Mjinga akikosea anasamehewa. Mimi nililijua jambo hilo kwa makalio yangu mwenyewe, nilikalia upande mmoja nikatazama wa pili siku nzima, na bado nikaliacha getini pa chuo kwa sababu hakuna aliyelitaja darasani. Kuuliza si ujinga, na Selorm aliuliza. Ujinga ulikuwa kwa aliyejibu.

Eno akavuta kalamu, lakini kamba yake ilikuwa fupi, ikabidi fomu iende pembeni kabisa mwa meza nami niishike isianguke. Akasaini polepole, jina zima, herufi za mtu aliyesoma kwa watawa.

"Nguo ya mama yako isikae sandukuni," akasema. "Haya nenda, nina oda ya Tafo."

Nilikuwa na nafasi ya kuichana ile fomu. Nawaambia wazi kwamba sikuichana. Niliikunja vizuri nikaitia kwenye bahasha.

Tukapata A. Mama alivaa nguo yake, akacheza mbele ya mkuu wa chuo. Katika kurasa zile hamsini na mbili Badu-Nkansah mdogo alitekeleza kwa ukamilifu pendekezo la nne tu, na mwisho wa mwezi Eno akaondoka na daftari lake. Halikuwa mali ya kampuni, alilinunua mwenyewe.

Mwaka mzima nilikuwa Sunyani kwenye utumishi wa taifa, nikapata habari za Jumamosi za Kumasi kwa simu. Viti vilikuwa vikitosha kwenye kompyuta. Uwanjani watu walikuwa wakishikana mashati. Kuna mjane aliyekalia kreti ya soda, na picha yake ilizunguka nchi nzima. Badu-Nkansah mdogo akarudi kwa Profesa kuomba msaada, na Profesa akampa kundi jipya la mwaka wa nne. Vijana wale walipima wiki kumi na nne, wakatoa jawabu bora kuliko yote: viti mia mbili viwekwe kando bila kazi, na awepo mtu wa kuwauliza wateja maswali. Profesa alikwenda kulisoma jawabu hilo kwenye mkutano wa wataalamu Cape Town, na walipiga makofi. Siku hizi, akienda msibani, hubeba kiti chake cha kukunja ndani ya gari.

Nafasi ikatangazwa gazetini: Afisa wa Akiba na Mahusiano ya Wafiwa. Sifa za mwombaji, shahada ya kwanza isiyopungua daraja la juu. Eno alikuwa na cheti cha darasa la kumi.

Nilikuwa sina kazi. Niliomba, nikaipata. Ofisi ni ileile ya mabati, meza ileile, kamba imebaki mguuni bila kalamu. Walinipa kompyuta mpya. Samani, walisema, bajeti ijayo.

Wiki ya kwanza nilipokea oda kumi na nane, na kila mteja nilimuuliza maswali yale matatu. La kwanza na la pili walijibu. La tatu walinyamaza. Mzee mmoja wa Suame aliniuliza, "We mtoto wa nani, unanidadisi ugomvi wa nyumbani kwangu? Eno yuko wapi?"

Ijumaa mchana nikachapa orodha ya majina na kwenda kwa Eno, nyuma ya kanisa la Ahinsan. Alikuwa uani anamenya mihogo ya kutwanga fufu. Nikamwamkia. Nikaeleza nimeajiriwa wapi, kwa maneno mengi, nikizunguka kama Dufie na lile pendekezo lake la nne.

Hakuinua uso. "Nilisaini ili umalize shule, Oteng. Sikusaini ili ukae kwenye kiti changu."

Nikabaki nimesimama na karatasi mkononi. Alimenya muhogo mzima, akauosha, akautia sufuriani, akachukua mwingine.

"Haya," akasema. "Soma majina."

Nikasoma. Jina la tatu akanisimamisha.

"Hao wa Suame, ongeza mia. Yule mzee na kaka yake hawajakaa chini ya turubai moja tangu shamba la Mankranso liuzwe. Endelea."

Tuliendelea mpaka sufuria ikajaa. Ijumaa iliyofuata nilirudi tena, na iliyofuata pia. Yeye hadai kitu. Mimi hupeleka samaki. Lakini siku ile ya kwanza, nilipokuwa nimeshafika langoni, aliniita.

"Oteng. Kile kiti, walikibadilisha?"

"Bado, Eno."

"Mguu wa nyuma wa kushoto. Usiegemee."

"Ndiyo, Eno. Asante."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshaanguka Jumatatu, mbele ya wafiwa wawili.